SITARA SI KUNYAMAZA: Historia ya siri za ndani kwetu Pwani

Sehemu ya 1: "Nesi, hii ibaki hapahapa"

 

Wiki hii naweka pembeni lishe na chanjo. Nataka tuongee habari ya siri. Mnajua sentensi ninayoisikia kuliko zote kazini? Si "nesi naumwa". Ni hii: "Nesi, hii ibaki hapahapa." Anaisema binti wa miaka 18, anaisema mama wa watoto watano, anaisema hata bibi aliyeletwa na wajukuu. Na mara nyingi hilo jambo lenyewe lina wiki tatu, lina mwezi, wengine lina mwaka. Limefichwa mpaka limekuwa kubwa.

Kuna watu wakiona hivyo wanasema, "Tatizo ni mila, watu wa Pwani wamezidi usiri." Mimi sikubaliani nao. Ukiangalia wazee wetu walivyoishi, utakuta siri kwao haikuwa kufunga mdomo tu. Siri ilikuwa na utaratibu. Ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na mtu wa kuipokea, na ilikuwa na mpaka. Sisi leo tumebaki na ile nusu ya kufunga mdomo. Nusu nyingine, ya mtu wa kumwambia, tumeidondosha njiani.

Ndiyo hiyo nataka tuitafute pamoja, sehemu kwa sehemu. Na niseme mapema: humu hamtakuta kisa cha mgonjwa wangu hata mmoja, hata kwa kuficha jina. Mkifika sehemu ya tano mtaelewa kwa nini.

Sehemu ya 2: Nyumba iliyojua nani aishie wapi

Tuanzie hapahapa nyumbani. Anayekaa Kunduchi anayajua yale magofu. Wengi tunayapita tu tukienda kununua samaki. Pale pana mabaki ya msikiti wa zamani na makaburi, mengi ya karne ya 18. Mengine yana nguzo ndefu, na kwenye kuta zake walipachika sahani na bakuli za kauri zilizotoka China. Yaani mtu amekufa, lakini heshima yake iko nje, kila apitaye aione.

Sasa linganisha na nyumba za mawe za matajiri wa Pwani wa enzi hizohizo. Zilizohifadhika vizuri ziko Lamu, kule Kenya. Mlangoni unakuta daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa kawaida anaishia hapo. Ukipita mlango bado huoni ndani, maana njia inakata kona makusudi ili macho ya mpita njia yagonge ukuta. Halafu unakuta uwanja usio na paa, halafu vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, mpaka unafika "ndani". Kwao ndani lilikuwa jina la chumba kabisa. Huko nyuma ndiko wanawake walikojifungulia, na ndiko mzazi alikokaa na kichanga chake. Zile kauri za China na huko zilikuwepo, zimepangwa kwenye zidaka za ukutani.

Isome ramani hiyo kama ninavyoisoma mimi. Nyumba haikusema "hakuna kuingia". Ilisema kila mtu ana mahali pake pa kuishia. Mfanyabiashara daka. Ndugu wa karibu, mbele kidogo. Lakini mkunga alipita milango yote mpaka chumba cha mwisho. Hakuishia barazani kwa sababu ya aibu.

Na hodi ni hivyohivyo. Unapiga hodi, unasubiri. Unapiga ya pili, ya tatu, usipojibiwa unaondoka zako. Waislamu wana msingi wake kwenye Sura ya An-Nur katika Qur'ani, inayomtaka mtu aombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yake. Lakini kwetu hapa imekuwa ya wote, Mkristo anapiga hodi, Muislamu anapiga hodi. Ile hodi inampa mwenye nyumba nafasi ya kuvuta kanga, kufunika sufuria, kufuta machozi. Akiwa tayari ndipo anasema karibu. Mlango upo na unafunguka, ila mwenyewe ndiye anayeufungua.

Lakini tusidanganyane, sitara hiyo haikuwa ya wote. Mke wa tajiri aliweza kukaa ndani asionekane kwa sababu kulikuwa na wanawake watumwa waliokwenda kisimani, sokoni na shambani kwa niaba yake. Wao hawakuwa na chumba cha nyuma wala mtu wa kuwapigia hodi. Nguo zao zilikuwa kaniki na merikani. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, moja ya vitu ambavyo wanawake walioachwa huru walivikimbilia ni nguo za kujisitiri: kanga, baadaye na buibui. Walikuwa wanasema, mwili wangu sasa ni wangu, naamua mwenyewe nani aone nini.

Kwa hiyo mtu akikwambia sitara ni anasa, mwambie kuna watu walinyimwa, na walipopata uhuru ndiyo waliyoidai.

Sehemu ya 3: Lugha nayo ina pazia

Hebu fikiria maneno yetu. Msichana "amevunja ungo". Mwanamke "yuko mwezini". Mtu hasemi anakwenda chooni, anakwenda "msalani", anakwenda "kujisaidia". Mjamzito ni "mtu mzito". Na akishazaa tunasema "amejifungua", kama vile alikuwa amefungwa kamba. Mpaka neno lenyewe sitara, au stara, tulilitoa kwenye Kiarabu na maana yake ni kufunika. Maneno haya ni mazuri. Yanamwezesha mama kusema jambo zito mbele ya mkwewe bila kuvunjiana heshima.

Kanga nazo ni hivyo. Zilianza kuvaliwa Pwani mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya muda zikaanza kubeba maneno, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Mombasa kulikuwa na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Mwanamke ambaye hawezi kumwambia wifi yake jambo usoni, ananunua kanga, anaivaa, anapita nayo uani. Ujumbe umefika, na hakuna wa kumshika kwamba amesema. Taarabu nayo ikafanya kazi hiyohiyo. Mstari ukikugusa, unainuka na noti yako kwenda kutunza, na ukumbi mzima unajua kuna jambo. Jambo gani? Hilo unalo wewe.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Lugha hii inafanya kazi kwa sababu anayesikiliza anajua kuifungua. Bibi akisikia "tumbo linaniuma" kwa sauti fulani, alijua binti anamaanisha nini. Mimi nesi niliye mezani na foleni ya watu 60 huenda nisijue. Mama akiniambia "naumwa huku chini", inaweza kuwa mkojo unachoma, inaweza kuwa uchafu unatoka, inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa amepigwa. Dawa ni tofauti kabisa!

Kwa hiyo msishangae nesi akiuliza mara tatu: "Chini wapi? Tangu lini? Inatoka rangi gani?" Anajaribu kufungua pazia ambalo zamani lilifunguliwa na mtu anayekujua tangu utoto. Ukiona aibu kulisema, onyesha kwa mkono. Au andika kwenye simu yako umpe asome. Inatosha.

Sehemu ya 4: Siri ilikuwa na mtu wake

Hapa ndipo penye kiini cha mfululizo huu, naomba msome polepole.

Kwa Wazaramo, wenyeji wa Dar na Pwani hii, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Akaitwa mwali. Alikaa miezi, na zamani ilikuwa hata zaidi ya mwaka. Alikuwa na mwana hiti, kisanamu cha mti chenye umbo la mwanamke, anakitunza kama mwanawe. Na humo ndani hakuachwa peke yake. Alikuwa na mtu wa kumfundisha. Huku tunamwita kungwi, wengine wanamwita somo. Somo ndiye aliyemweleza habari za damu, za mume, za mimba na za kuzaa. Mama mzazi kwa kawaida hakuzungumza hayo na mwanawe, ilikuwa mwiko. Lakini mwiko huo haukumwacha binti gizani, kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine aliyepewa kazi hiyo na jamii nzima.

Uhusiano ule haukuisha siku ya kutolewa mwali. Somo alikuwepo kwenye harusi. Ndoa ikiyumba, aliitwa. Mimba ikisumbua, aliitwa. Mkunga wa jadi akija kuzalisha, mara nyingi somo alikuwa hapo pembeni ameshika mgongo. Na zile siku arobaini mzazi alizokaa ndani zilikuwa za kupumzika na za kuangaliwa. Kila siku kuna mtu mzima anamkanda, anamwangalia damu inavyokata, anaangalia mtoto ananyonyaje. Mama hakuhitaji kusema "sijisikii vizuri". Kuna macho yaliyokuwa yanaona.

Hata yule Mwana Kupona wa kule Pate tunayemsikia kwenye ushairi alifanya hivyohivyo kwa njia ya kalamu. Yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha juu ya dini, adabu, ulimi mwema na maisha ya ndoa. Alijua huenda hatakuwepo. Hakutaka binti abaki na maswali yasiyo na wa kuyajibu.

Sisemi turudi nyuma kwenye kila kitu. Binti wa miaka 13 mahali pake ni shule, si kuwekwa ndani akisubiri mchumba. Yapo mafundisho ya kungwi yaliyomwambia mwanamke avumilie hata kipigo, hayo yabaki hukohuko. Na mkunga wa jadi hana damu ya kuongezea, hana chumba cha upasuaji, kazaliwe hospitali.

Ninachosema ni kwamba mila ile iliyofunga mdomo wa binti mbele za watu, hiyohiyo ilimpa mtu mmoja wa kumwambia yote. Vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, unabaki na mwanamke anayeumwa peke yake.

Sehemu ya 5: Mji ukakua, somo akabaki kijijini

Sasa tuje mjini. Wakoloni waligawa Dar: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uswahilini ikajengwa ile nyumba tunayoijua wote. Kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, uani kuna choo na mahali pa kupikia. Kariakoo zilijaa, kisha Ilala, Magomeni, Temeke, Kinondoni. Na kila chumba familia yake. Baba, mama na watoto wanne, mlangoni pazia.

Aliyekulia nyumba ya kupanga ananielewa. Uani hakuna siri. Mama wa chumba cha tatu anajua umetapika mara ngapi leo asubuhi. Anajua kama vitambaa vya mwezi huu hujaanika. Mnagombana na baba watoto kwa kunong'ona, kesho yake unapewa pole bombani. Zaidi ya hapo, watu wamekuja Dar kutoka kila mkoa. Somo yako yuko Lindi, shangazi yuko Tabora, mama mkwe yuko Moshi. Waliokuzunguka wanakuona kila kitu, lakini hakuna hata mmoja mliyeaminiana naye tangu utoto. Macho yamekuwa mengi, anayebeba siri hakuna. Kwa hiyo mtu anafanya nini? Ananyamaza kwa wote.

Hapo ndipo hospitali ilipotakiwa ishike nafasi ya somo. Sisi manesi tuna kiapo, kinaitwa kwa jina la Florence Nightingale, ingawa si yeye aliyekiandika. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Ndani yake nesi anaahidi kutunza siri zote atakazoambiwa au kuzijua katika kazi yake, za mgonjwa na za familia yake. Nilipokisoma mara ya kwanza chuoni nilijiambia, mbona hiki ni kiapo cha somo! Ndiyo maana hamtaniona natoa visa vya wodini hapa. Kwa Tanzania tuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na tuna Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mtumishi akitoa siri yako nje, una pa kumshtaki.

Najua wengine mnatikisa kichwa. "Nesi wewe unasema hivyo, mbona kuna sehemu nilitajwa ugonjwa wangu kwa sauti mbele ya foleni?" Ndiyo, hutokea, na ni kosa. Una haki ya kusema, "Sista, naomba tuzungumze pembeni." Kumwambia hivyo si kumkosea adabu.

Na kuna ugonjwa mmoja uliotupima wote. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walibainika Kagera mwaka 1983. Angalia lugha ya mtaani ilivyoukimbia: "amekanyaga miwaya", "ana ngoma", "umeme". Watu walizikwa huku msibani inasemwa kifua, inasemwa amerogwa. Wakati ule kulikuwa na sababu ya kuogopa. Dawa hazikuwepo, na ukijulikana ulitengwa, hata kikombe chako kilitengwa. Dawa za bure za serikali zilianza kutolewa mwaka 2004. Sheria ya mwaka 2008 ikasema matokeo ya kipimo ni siri, ikakataza kumbagua mwenye virusi, na hapohapo ikamtaka anayejua ana virusi amweleze mwenza wake. Mmeona? Hata sheria imejenga nyumba ile ya Lamu: watu wa nje waishie daka, mwenza aingie ndani.

Na kwa mama mjamzito nusu hii ya pili ni uhai wa mtoto. Bila matibabu, mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45. Akitumia dawa vizuri inashuka chini ya asilimia 5. Mama anayeficha vidonge ndani ya kopo la unga na kuruka dozi kwa sababu wifi yuko chumbani, siri yake inamgharimu mtoto. Huyo hahitaji kuambiwa "acha usiri". Anahitaji mtu mmoja ndani ya nyumba ile wa kumfunika wakati anameza.

Fistula nayo ni hivyo. Mama anapata uchungu wa muda mrefu, anajifungua, mkojo unaanza kuvuja wenyewe. Wengine wamejificha miaka kwa kudhani ni laana, kumbe inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT hapa Msasani inafanya upasuaji huo bila malipo. Tangu mwaka 2009 walianza kutuma nauli kwa simu, kwa msaada wa mabalozi walioko mikoani. Balozi huyo anamtafuta mwanamke aliyejificha, anakaa naye, anamsikiliza, anapokea nauli, anamsindikiza. Unaona alichofanya balozi? Hakumtangaza yule mama. Amekuwa somo wake.

Sehemu ya 6: Siri isiyotakiwa kubebwa

Sasa jambo gumu. Tumesema siri ina mwenyewe na ina mtu wa kuipokea. Ina na mpaka.

Siti binti Saad wa Zanzibar, mwanamke aliyezaliwa kwenye familia ya watumwa, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni "Kijiti". Inahusu mwanamke aliyetoka Dar kwenda kutembea Unguja akauawa, na mwanamume aliyetuhumiwa akatoroka. Mji ungeweza kusema, "Tumsitiri marehemu, tusiongee." Siti akaimba. Na wimbo ukabeba jina la mtuhumiwa.

Wazee walielewa tofauti hii. Sitara ni ya aliyeumia. Haijawahi kuwa ya aliyeumiza. Mke anayepigwa anaweza kuchagua nani ajue, hiyo ni sitara yake. Lakini familia ikikaa kikao na kuamua "haya tuyamalize humuhumu" ili jina la mjomba lisichafuke, hapo hakuna sitara tena, hapo anafichwa mkosaji.

Kwa watoto naomba niseme wazi kabisa. Mfundishe mwanao tangu miaka mitatu kwamba ana sehemu za siri, na kwamba "sehemu za siri" maana yake si siri kwa mama. Mwambie, "Mtu akikushika hapa na akakwambia usimwambie mama, hiyo ndiyo ya kwanza kuniambia." Maana watu wale wanatumia neno letu hilihili, siri, kumfunga mtoto. Ukihitaji msaada, namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Na ikiwa mtoto au wewe umebakwa, njoo hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu kuna dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inayotakiwa ianze ndani ya muda huo. Kikao cha familia kinaweza kusubiri. Dawa haisubiri.

Sehemu ya 7: Tafuta somo wako

Leo tunamalizia.

Tumeingia kwenye simu, na mambo yamepinduka. Yale ya kuficha tunayaanika, ya kusema tunayaficha. Mama anarusha kwenye stetasi picha ya kichanga uchi anaogeshwa, lakini hajamwambia mtu kwamba wiki ya pili hii analia kila usiku na hataki kumshika huyo mtoto. Tunapiga picha kadi ya kliniki kwa furaha, tunairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kadi ile ina jina lako, tarehe zako na majibu ya vipimo vyako! Kadi ya kliniki ni ya "ndani", usiitoe barazani.

Haki yako ipo kwenye maandishi. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia na ya maskani yake. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo habari za afya inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Lakini sheria inakulinda na wanaochungulia tu. Haiwezi kukutafutia wa kumwambia, huyo utamtafuta mwenyewe.

Kwa hiyo naomba ufanye jambo moja wiki hii, hasa kama una mimba au una kichanga. Chagua somo wako. Si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa dada mkubwa, jirani mzima mwenye mdomo mzito, mke wa mchungaji, mama yako mdogo aliyeko mkoani mnayeongea kwa simu. Akiwa baba watoto mwenyewe, heri zaidi. Mtazame kwa kipimo cha zamani: je, akija kwako anakuletea siri za wengine? Kama anakuletea za wengine, zako nazo zinasafiri.

Ukishampata, mwambie mambo matatu: siku za kujifungua zinazotarajiwa, hospitali utakayokwenda, na tatizo lolote ulilowahi kupata. Na mkubaliane kwamba ukimwambia moja kati ya haya, hakuna kusubiri asubuhi: damu inatoka, kichwa kinauma sana au macho yanaona maruweruwe, uso na mikono imevimba, umepata degedege, una homa kali, maji yamemwagika, au mtoto amepunguza kucheza.

Najua wengi mnaficha mimba changa kwa kuogopa hasidi na vijicho. Sawa, wafiche majirani, mfiche wifi, usirushe stetasi. Lakini kliniki njoo kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonwe angalau mara nane katika ujauzito, na ya kwanza ndiyo hiyo. Watu wa baraza waishie barazani. Mkunga mpitishe mpaka ndani, kama bibi zetu walivyompitisha.

Na wewe uliyechaguliwa kuwa somo wa mtu, hongera, umepewa amana. Usiibebe kwa kuilalia. Ibebe mpaka hospitali.

Maswali nitajibu hapa chini. Ambaye lake si la mbele za watu, asiliandike hapa, wala asimwandikie mtu asiyemjua. Aende kituo cha afya kilicho karibu naye, aombe kuzungumza na nesi pembeni. Kesho kutwa tunarudi kwenye uji wa mtoto wa miezi sita, nimeona mmeniulizia sana. Usiku mwema.